Vioo Vilivyoonja Jua

4 Machi

Wifi yangu,

Sanduku lako la kwanza limefika, na hakuna hata kioo kimoja kilichovunjika, ingawa kaka yangu amelifunga kamba kana kwamba ndani kuna mbuzi anayetaka kutoroka. Nimetumia mkasi, kisu, na mwishowe meno.

Uliniuliza vioo vyako navifanyia nini huku, maana kazi yako wewe inaishia kwenye kuvipaka ule utando mwembamba unaogeuza jua kuwa umeme na kuukausha. Basi nikueleze. Chumba changu hakina dirisha. Kuta ni nyeusi, mlangoni kuna pazia zito, na simu haziruhusiwi kuingia kwa sababu hata mwanga wake unaharibu kipimo. Nakibana kioo kimoja mezani, napitisha umeme mdogo, kisha nawasha taa kwa kitambo kidogo sana na kuizima. Taa ikiwaka, umeme unapanda ndani ya utando. Ikizimika, unashuka. Mashine inachora mlima, na mimi kazi yangu ni kuupima huo mlima: umechukua muda gani kupanda, umechukua muda gani kushuka. Seli nzuri ya sola inaamka upesi na kulala upesi. Ikichelewa kulala, mlima wake unakuwa na mkia mrefu, na maana yake ndani ya utando kuna mitego inayoshika umeme na kuuachia kidogo kidogo. Seli ya namna hiyo haifai kuwekwa juu ya paa la mtu.

Vyako vinapendeza. Viwili tu ndivyo vinavyochelewa kidogo kulala, lakini si neno, kila mwanzo ni mgumu.

Nafurahi tumekubaliana karatasi isafiri na vioo. Kwenye simu kaka yangu anasikiliza kila kitu, halafu anatoa maoni.

Wifi yako wa Gizani


15 Machi

Wifi,

Hiyo "si neno" yako nimeisoma mara nyingi mpaka kaka yako akauliza kama nimeletewa hukumu.

Usinielewe vibaya, nashukuru. Si kila mtu anaweza kumpendekezea kazi mke wa kaka yake, akihofia ataaibika. Tangu ile shule niliyofundisha ilipofunga maabara yake nikarudi nyumbani, miaka miwili mizima mwanafunzi wangu alikuwa sufuria. Sasa nina ufunguo wangu mwenyewe. Nina kibanda nyuma ya chuo cha ufundi, nina jiko la umeme, nina mizani, nina koti jeupe lenye mfuko ulioungua. Wanafunzi wa chuo wanapaita Jikoni, na jina nimelikubali. Kila asubuhi naufungua ule mlango kwa raha ambayo sitaki kuisema kwa sauti, wasije wakasikia wenye macho yao.

Kwa hiyo hivyo viwili vyako vizito vimeniuma. Sanduku hili la pili utaliona tofauti. Nimechukua hatua. Ni hatua gani sisemi, mpishi hasemi kila anachotia. Wewe pima uone.

Wifi yako wa Jikoni


21 Machi

Wifi yangu mpenzi,

Sanduku la pili limefika. Jamani, mikono yako! Utando umetulia kama uso wa maji, rangi ni moja kutoka pembe hadi pembe. Nimewaita wenzangu waje waone. Hata mkuu wa mradi wetu amekuja. Huyu tunamwita Mzee Tena, kwa sababu neno lake la kwanza, la katikati na la mwisho ni "pima tena". Alikiinua kioo kimoja, akakitazama, akakirudisha kwa heshima. Una kipaji, wifi, sikufichi.

Vipimo bado naendelea navyo. Unajua vipimo vilivyo, vina mambo yake. Huku joto ni kali. Je, kwenu mvua zimeshaanza? Kaka aliniambia paa la kibanda chako linavuja upande mmoja, na nikawa na wasiwasi na mizani.

Hakuna la kuhofia. Endelea vivyo hivyo.

Wifi yako wa Gizani


2 Aprili

Wifi,

Nimeolewa kwenye ukoo wenu miaka kumi na moja, na sijawahi kusifiwa na wewe mara tatu kwenye ukurasa mmoja. Siku ya harusi yangu ulilitazama gauni, ukalizunguka, ukasema "limekaa". Neno moja tu hilo. Leo utando wangu umekuwa uso wa maji? Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nikisifiwa hivyo naanza kuhesabu vijiko, nione kipi kimeibwa. Wifi anayesifu namna hiyo ana jambo.

Na mvua! Nakuuliza milima inachukua muda gani kushuka, unaniuliza mvua.

Sawa, sitauliza tena. Nimezidisha umakini. Sanduku hili la tatu limeninyima mapumziko ya mchana wiki nzima, na humo ndani hakuna kioo ambacho sijakihakikisha kwa macho yangu mwenyewe. Saba nimevikataa. Hivi ishirini ni wateule. Vikikushinda hivi, niambie niache, nirudi kwenye sufuria zangu. Sufuria hazina mitego.

Wifi yako wa Jikoni


9 Aprili

Kaka,

Barua hii nimeituma dukani kwako, si nyumbani. Isome ukiwa peke yako, kisha uifiche pale unapoficha mambo ambayo mkeo hayaoni, na usiniambie huna mahali hapo. Nimekujua tangu unavaa kaptula.

Vioo vya wifi ni vibaya. Sanduku la kwanza lilikuwa sawa, lakini la pili limeharibika lote, na la tatu ni baya kuliko la pili. Kuamka vinaamka kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi, ila kulala havilali. Nazima taa, nasubiri mstari urudi chini, nao unajikokota tu. Hata kabla sijawasha taa, tayari kuna umeme unatembea ndani, wakati kioo kiko kwenye giza totoro. Nimevipima na kuvipima, maana Mzee Tena hachoki kusema neno lake.

Sasa sikia hili. Mwisho wa Mei Mzee Tena anachagua karakana moja kati ya mbili zinazotutengenezea vioo. Hiyo nyingine vioo vyao havina makeke, leo ni kama jana. Vya wifi vikibaki hivi, kibanda chake kinafungwa na ufunguo unarudishwa.

Kumwambia nimeshindwa. Nimeanza barua mara tatu, na kila mara naishia kumsifu. Nikisema "kazi yako mbovu", hata niseme kwa sauti ya malaika, yatakuwa ni maneno ya wifi. Imenichukua miaka mpaka mke wako akanizoea, mpaka akaanza kunitania, na hilo nalithamini kuliko anavyodhani. Lakini nikizidi kunyamaza, atapoteza kazi huku nikimsifia mikono. Kaka, maji yamenifika shingoni. Mwambie wewe, taratibu, kama jambo lililokujia tu kichwani.

Mdogo wako


16 Aprili

Mdogo wangu,

Mimi nauza vipuri vya baiskeli, si mpatanishi wa mataifa. Sijamwambia. Woga upo, siukatai, lakini pia ameshikwa na homa kali. Daktari amempa dawa na kumwamuru alale, na yeye badala ya kulia homa analia sanduku. Kila akipata nguvu kidogo anasema "vioo vyangu, leo ndiyo siku ya basi". Nikaona huyu atatoka kitandani bure.

Basi nikachukua ufunguo nikaenda mwenyewe. Umeme ulikuwa umekatika, kibanda kimefungwa madirisha, giza. Nikafungua kabati, nikavitoa kwa kupapasa vile vilivyokwisha kukauka, nikavifunga kwenye karatasi yake nyeusi, nikavitia sandukuni. Sikufanya kingine chochote. Sijui hata upande wa juu ni upi. Kama vimeharibika, mwenye kosa ni mimi, usimlaumu yeye. Na kamba safari hii nimefunga kistaarabu.

Nakuomba usimwandikie mabaya mpaka apone.

Kaka yako


23 Aprili

Wifi yangu,

Kaka amenipigia kusema homa imekuachia na umeanza kugomba, nikajua kweli umepona. Namshukuru Mungu. Sasa keti vizuri, maana nina habari njema na nina la kuungama.

Habari njema kwanza. Sanduku la nne, wifi! Nimekaa gizani nikitazama mlima mmoja baada ya mwingine, inapanda na kushuka kama askari kwenye gwaride. Kumi na tisa kati ya ishirini ni safi, safi kabisa, kuliko hata vya ile karakana nyingine. Nilitoka nje ya pazia nikamkumbatia mwenzangu wa chumba cha pili, ambaye hatujasemezana tangu Januari. Tumepatana kwa ajili yako.

Sasa la kuungama. Sanduku la pili na la tatu yalikuwa mabovu, wifi, yote mawili. Mzee Tena alikuwa amekwisha kusema kwamba mwisho wa Mei anachagua karakana moja, na hofu yangu ilikuwa kwamba ya kwako ndiyo itakayofungwa. Nilikuficha. Nilijiambia nikisema utaona ni chuki ya wifi, nikawa nakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Lakini yamepita, tucheke. Niambie tu, safari hii ulifanya nini? Hicho hicho ulichofanya, usikiache.

Wifi yako wa Gizani


30 Aprili

Wifi,

Nilifanya nini? Nilikuwa kitandani natetemeka, hicho ndicho nilichofanya. Sanduku la nne sikuligusa. Kaka yako, mtu ambaye hawezi kupanga hata viatu vyake, ametumbukiza vioo sandukuni kama viazi, na hivyo ndivyo vimekuwa gwaride. Vile nilivyovilea kimoja kimoja ndivyo vibovu. Basi jibu ni rahisi. Mkono wangu ndio wenye kasoro.

Na wewe ulijua tangu Machi! Panya huuma na kupuliza, wewe umepuliza tu, na nakwambia hiyo ndiyo mbaya zaidi. Uso wa maji! Mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi yenyewe ni ya kwangu. Uliyaficha kwa ruhusa ya nani? Ungeniambia, ningelia siku mbili, ningekununia wiki, halafu ningefunga koti langu nikaenda kulitafuta kosa. Yaani kununa kwangu umekuogopa kuliko kufungwa kwa kibanda changu?

Na usidhani nilizembea. Hilo nataka lieleweke. Baada ya "si neno" yako hakuna kioo kilichotoka kwangu bila kujaribiwa. Nakiegemeza dirishani saa sita mchana, jua likiwa la kukaanga, nakishikiza nyaya za mita ya kupimia umeme, natazama sindano inavyoruka. Kinachoirusha vizuri nakiacha hapo hapo juani mpaka sinia zima liishe, kwa sababu napenda kuviona vyote vikifanya kazi pamoja. Nikisharidhika ndipo navifunga karatasi nyeusi, vingali na joto, navikimbiza kwenye basi la jioni. Sikukwambia kwa kuwa nilitaka uone kwamba vimetoka vizuri vyenyewe tu. Nani mwingine angejitesa hivyo? Halafu nashindwa na muuza baiskeli.

Sijanuna. Naandika tu kwa kukandamiza kalamu.

Wifi yako wa Jikoni


4 Mei

Wifi,

Dirishani?

Nimeisoma aya hiyo nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Wifi yangu, nadhani mkono wako hauna kasoro yoyote. Nadhani kasoro ni jua.

Unaikumbuka mitego niliyokuandikia? Taa yangu huku ni ndogo, inawaka kitambo tu, inajaza mitego michache ya juu juu. Jua la saa sita linaijaza yote, mpaka ile ya chini kabisa, na hiyo ya chini huachia umeme wake polepole mno, siku baada ya siku. Wewe unavifunga karatasi nyeusi vikiwa vimeshiba jua. Ni sawa na kumfunika shuka mtoto aliyetoka kucheza sasa hivi. Amefunikwa, ila hajalala. Mimi napokea sanduku jeusi, naamini vimetoka gizani, navipima asubuhi hiyo hiyo kwa haraka ya kukutafutia habari njema. Kwa hiyo kila ulivyozidi kuvihakikisha, ndivyo vilivyozidi kukesha. Kaka yangu, kwa kutojua kwake, amevitoa gizani akavitia gizani, vikafika vimelala.

Nimesema nadhani. Sitaki kukufurahisha tena kwa maneno. Vya sanduku la pili na la tatu vimekuwa mezani kwangu chini ya taa muda wote huu, vikiamshwa kila mara kabla havijalala, kwa sababu ya hizo "pima tena". Leo nimevifungia kwenye droo na kufunika droo yenyewe kwa kitambaa cheusi. Navyo vikilala, tutajua. Wewe nitengenezee sanduku la tano, vioo kumi uvionjeshe jua kama ulivyozoea, kumi usivitazame kabisa. Viandike namba nyuma, na usiniambie vipi ni vipi. Nitavitambua kwa milima peke yake, mbele ya Mzee Tena. Nikivitambua, kibanda kimepona. Nikikosea, itabidi nimwambie ukweli kwamba sababu sijui, na wewe nitakwambia hivyo hivyo.

Kuhusu kuficha sina utetezi. Ningekwambia Machi, ungeniambia dirisha Machi. Nisamehe, wifi.

Wifi yako wa Gizani


22 Mei

Wifi,

Kumi na kumi, kama ulivyoagiza. Namba ziko nyuma. Vipi vimeonja jua na vipi havijaonja najua mimi peke yangu. Kaka yako nimemnyima siri, maana huyo hununuliwa kwa kikombe cha chai.

Nikwambie lililokuwa gumu. Nilidhani itakuwa vile kumi vya juani, kuvipeleka dirishani nikijua pengine ndiko nilikoviharibu vilivyotangulia. Hapana. Vigumu vilikuwa vile kumi vingine. Kuvitoa kabatini kwa kupapasa, mlango umefungwa, na kuvifunga bila kujua kama vinafanya kazi au la. Mkono ulikuwa unakwenda dirishani wenyewe. Ilibidi niupige kofi.

Siku ile shule ilipofunga maabara, walituita asubuhi, wakatushukuru sana, wakatusifu sana, kisha wakatuambia hatuhitajiki tena. Tangu hapo sipeleki kitu kwa mtu kabla sijajua kwamba kitapokelewa. Ukinitumia sifa mimi nasikia mlango unafungwa. Hili sijamwambia hata mume wangu, na sikulaumu kwa kutolijua.

Kwa hiyo kama ni dirisha, nitafurahi mpaka majirani waulize kulikoni. Kama si dirisha, niambie. Nimelipigia mstari. Barua moja, fupi, bila mvua.

Nimekusamehe, ila bado kidogo.

Wifi yako wa Jikoni


24 Mei

Wifi! Wifi! Wifi yangu!

Jana kwenye simu ulisoma namba zako, nikakwambia nimezipata zote, na wewe ukakata. Sijui kama salio liliisha au ni kilio. Nilipiga tena, kaka akasema tu "mwache kwanza". Basi nakuandikia yote, maana hukusubiri utamu.

Tuliingia gizani mimi na Mzee Tena, yeye kwenye kiti nyuma yangu, nasikia anavyopumua. Kila kioo nilikiwashia taa, nikaizima, nikautazama mlima unavyoshuka. Nikawa nasema: hiki kimeonja jua, hiki hakijaonja. Vya juani mkia wake ni mrefu kama treni. Vya gizani vinashuka, vinanyamaza, basi. Kilipofika cha nane nilisita, nikajikaza kisabuni nikasema, "Hakijaonja." Tulipotoka nje ndipo nikapiga simu mbele yake, na wewe ukawa unasoma. Ishirini kwa ishirini, wifi. Hata hicho cha nane.

Halafu tukafungua droo. Vile vya sanduku la pili na la tatu, vile nilivyomwandikia kaka kwamba ni vibaya, vimelala vikaamka vizuri. Karibu vyote viko sawa na vya sanduku la nne. Vilikuwa vizuri tangu siku ulipovitengeneza! Mzee Tena akasema, "Pima tena." Nikapima tena. Yale yale. Kisha akasema, "Basi."

Hatujawahi kumsikia akisema basi. Mwenzangu wa chumba cha pili alichungulia pazia kuhakikisha yuko mzima.

Karakana yako inaendelea. Ile nyingine nayo inabaki, kasema zote mbili zina kazi. Mlangoni kwetu ameandika kwa mkono wake kwamba hakuna kioo kitakachopimwa kabla ya kulala gizani siku mbili, kiwe kimeletwa na yeyote. Na wewe anakuomba jambo. Kila sanduku utie vitano vilivyoonja jua, kusudi, vipimwe bila kulala, kwa sababu sasa anataka kujua utando unalikumbuka jua kwa muda gani. Dirisha lako limepata ajira, wifi.

Ufunguo ni wako. Nimeshusha pumzi niliyokuwa nimeibana tangu Machi. Nimelala jana kama mtu aliyetua gunia.

Wifi yako wa Gizani


30 Mei

Wifi,

Salio lilikuwepo tele.

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, koti likiwa bado mwilini, nikalia mpaka kaka yako akadhani kuna msiba. Alifunga duka. Alipoelewa ni furaha alikasirika kidogo kwa sababu ya wateja, kisha naye akaanza kupangusa macho na kusingizia vumbi la matairi. Tangu hapo anajiita mtaalamu. Anawaambia wanunuzi wa minyororo kwamba yeye ndiye aliyegundua. Nimemwacha, kwa maana kuna ukweli fulani ndani yake, na mimi leo sina ugomvi na mtu.

Niliporudi kibandani asubuhi niliuzungusha ufunguo polepole. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Jiko, mizani, dirisha. Nilifurahi, wifi, nilifurahi sana, wala sikuogopa kusema kwa sauti. Majirani wameuliza kulikoni. Nimewaambia.

Sanduku la sita hili hapa. Vitano vyenye alama nyekundu vimeonja jua kwa ruhusa ya serikali yako. Kumi na tano sijavijaribu. Sijui kama ni vizuri. Sijui kabisa, na jana usiku nimelala fofofo.

Vikiwa vibovu, niambie siku hiyo hiyo. Na kibovu ukiite kibovu, usikiite kinachochelewa kidogo. Nikinuna, nitanuna, halafu nitanyoka. Mimi si mlango wa kufungwa kwa neno moja.

Kusamehe sasa kumekamilika.

Wifi yako wa Jikoni


5 Juni

Wifi,

Vyenye alama nyekundu vinakesha kama ilivyotarajiwa. Katika kumi na tano, kumi na tatu ni safi. Viwili ni vibovu. Namba nne ina ufa. Namba kumi na moja sijui ulikuwa unawaza nini, utando umejikunja kama soksi. Nimevitupa vyote viwili.

Na lile gauni la harusi lilikuwa limekubana mabegani. Miaka kumi na moja nimelinyamazia.

Wifi yako wa Gizani